Mgongo wa Kirangozi

Jumatatu, 1 Septemba

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kanyenye, na kwa wa Urambo watakaochelewa kupata habari, kwamba leo asubuhi mimi Ambrosi, muuza asali, nimeinama, nimefunga kamba za viatu, na nimeinuka tena. Bila kushika ukuta. Bila kumwita mtu.

Si habari ndogo. Kamati ya mtaa imenichagua kuwa kirangozi wa msafara wa Jumamosi. Tunatembea kutoka Kwihara hadi Tabora mjini, mizigo kichwani, kama mababu walipokuwa wakipeleka pembe pwani. Kirangozi ndiye anayetangulia. Joho jekundu! Manyoya kichwani!

Nuksi ni moja. Kamati inataka kila mbebaji awe amehudhuria kwa Advera, mtaalamu wa viungo, kila wiki kwa mwezi mzima. Hata kama haumwi! Sijakwenda hata mara moja. Nimemweleza mke wangu Pelagia kuwa kutibu mgongo usiouma ni sawa na kuziba paa wakati wa kiangazi. Akaniuliza kwani watu wengine huziba lini.

Nikaenda dukani.

Jumanne, 2 Septemba

Mpango! Nimemwomba Advera anifanyie tiba zote za mwezi kwa mkupuo mmoja. Akaniuliza kama huwa naoga Januari kwa ajili ya mwaka mzima. Binti mdogo, shikamoo yake nzuri kabisa, lakini ulimi ni wembe.

Akanilaza kifudifudi, akabonyeza mahali. Nikatoa sauti. Ilifika hadi kwenye benchi la nje, alipoketi jirani yangu Hitesh, mwenye duka la magodoro na vifaa vya ujenzi. Hitesh haumwi popote. Huja kila wiki, miaka nenda rudi, kama mtu anayepeleka gari kumwaga oili. Akauliza kupitia mlangoni kama Mzee Ambrosi amekanyagwa.

Hukumu ya Advera: nitembee, ila kichwani nisibebe kitu kizito kuliko kanga iliyokunjwa. Kila asubuhi nipige magoti, niweke mikono chini, nitunishe mgongo kama paka aliyeona mbwa. Na nirudi kila wiki, msafara uwepo usiwepo. Nimesema ndiyo kwa yote. Ndiyo haiumi.

Jumatano, 3 Septemba

Zoezi la paka. Nimeanza vizuri. Advera hakusema paka hufanya nini baada ya hapo, nikalala. Pelagia amenikuta nakoroma mkekani. Amesema hapo paka nimempatia.

Mchana akaja Mathias, fundi baiskeli. Mgogo, kwa hiyo mtani wangu: anaweza kunitukana mbele ya wakwe, na nikinuna, mwenye kosa ni mimi. Alisema amesikia Wanyamwezi wa siku hizi hawabebi, wanabebwa. Akakumbusha kwamba mababu zetu hawakupita Ugogo bila kutoa hongo, ule ushuru wa njia, na kwamba Jumamosi yeye na wenzake watafunga njia wadai yao. Nikamjibu hongo atakayoipata ni vumbi la nyayo zangu. Maneno mazuri sana. Inasikitisha hapakuwa na mtu mwingine wa kuyasikia.

Dada zake Pelagia wanakuja kutoka Urambo kuniangalia. Nimeshawaambia babu wa babu yangu alikuwa kirangozi. Nadhani alikuwa. Hakuna aliye hai anayekumbuka kwamba hakuwa.

Ijumaa, 5 Septemba

Utii! Advera amekataza uzito, nami nimetii. Nimenunua kwa Hitesh sponji za magodoro, nimezishindilia ndani ya gunia, kamba juu, kamba chini, na pembe ya ng'ombe nimeichomeka pembeni ichungulie. Mzigo mkubwa kama kondoo! Uzito wake, kuku aliyekonda.

Kazi iliyobaki ni kuguna. Nimejifunza mbele ya kioo. Pelagia akaja mbio kuuliza Baba Recheli anaumwa wapi. Nimefaulu.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika nikiwa chali. Kwa ufupi: mzigo ulikuwa mzito mno, ukanishinda karibu na mjini. Ndivyo wanavyojua shemeji zangu. Wamenichinjia kuku.

Jumapili, 7 Septemba

Pelagia yuko kanisani. Naweza kuandika ukweli.

Tulitoka Kwihara vizuri. Joho linapepea, naguna kila hatua, vigelegele kila upande. Pale njia inapoingia mjini, Mathias na Wagogo wenzake walikuwa wamefunga njia kwa mipira ya baiskeli. Akadai hongo: kirangozi acheze, la sivyo hapiti mtu. Mtani akidai, unatoa. Nikacheza. Nilicheza hasa! Shemeji mdogo akapaza sauti, "Shemeji, usituue!"

Hapo unyoya mmoja ukadondoka.

Mwenye akili zake angeuacha. Mimi niliinama kuuokota, gunia likiwa kichwani, na mgongo ukasema ka! Nikabaki hivyo hivyo, natazama vidole vya miguu ya Mathias.

Mathias alidhani nasujudu. Akawatangazia watu kuwa Unyamwezi umesalimu amri. Alipoona siinuki, aliacha kucheka, akanishika kwapani.

Hitesh, aliyekuwa nyuma yangu msafarani, akaliokota gunia. Niliuona uso wake ukizitambua bidhaa zake. Nikafumba macho. Neno moja tu kutoka kwake, na nisingeweza tena kuuza asali Tabora hii. Akalipandisha kichwani polepole. Akayumba. Akaguna mguno ulioshinda yote niliyoguna mimi, akauliza kwa sauti Mzee Ambrosi ametoka vipi Kwihara na kitu hiki.

Kisha wakamvika joho. Kisha manyoya. Akatangulia. Nasikia aliingia mjini akicheza, hakuguna tena hata kidogo. Mimi niliingia kwa mkokoteni wa maji, katikati ya madumu. Mathias ndiye aliyeusukuma, na njia nzima hakunitania. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Leo Advera amekuja nyumbani. Amenibonyeza, akanieleza taratibu kwamba tatizo si mzigo wala si kuinama. Mgongo hutunzwa siku usipouma, wiki kwa wiki, ili siku ya kuinama uiname. Nimesema ndiyo. Akaniuliza kama safari hii nimeelewa. Nimesema ndiyo hiyo pia.

Nimelala chali hapa nikitafakari kwa kina. Kosa nimeliona, na linanishangaza lilivyo dogo. Ule unyoya ulifungwa vibaya.

Pelagia akirudi nitamtuma kwa Hitesh akaniletee gundi. Ile kali, ya mbao.