Riadha ya Mabeberu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Shangazi Bi Mwanapili amepiga simu kutoka Maskati, anakokaa kwa binti yake. Anarudi Jumatatu ijayo, inshallah. Goti linamsumbua, daktari wa huko kamwambia mambo mengi, na hawezi tena kuisimamia nyumba ya Sokomuhogo peke yake. Akifika ataikagua, kisha ataamua nani abaki na ufunguo: mimi au Ayoub.

Nimekaa nyumba hii tangu mke wangu aliporudi kwao Makunduchi. Nikinyang'anywa ufunguo nahamia Mpendae kwa kaka Talib, chumba kimoja na cherehani na wanawe wa kiume. Cherehani hufanya kazi mpaka saa sita za usiku. Wanawe hawapumziki kabisa.

Ayoub ni mtoto wa ami yangu. Anatembeza watalii, ana leseni. Kitambulisho anakivaa shingoni hata akienda kununua mkate. Mimi sina leseni, nilikaribia kuipata. Watu wa mjini huniita papasi, kupe anayeganda watalii. Neno baya. Mimi ni mshauri wa wageni.

Jioni nilikuwa barazani kwa Mzee Usi, jirani yetu. Ayoub akapita, akasema Ijumaa anapokea mgeni: mama wa Kimoroko, Mberberi, mwalimu mstaafu, anayetaka kuona nyumba za kale za Waarabu. Alisema vile, akaenda zake. Kosa lake la kwanza.

Nimeangalia video kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Moroko wana nyumba zenye ua katikati, ukuta wa bluu, kidimbwi, maua. Wanaziita riadh. Wageni wanazigombania. Na nyumba ya Shangazi ina ua katikati! Kilichokosekana ni bluu, kidimbwi na mtu mwenye akili. Shangazi akirudi amkute Mmoroko kalala chumba cha juu, kafurahi, hatatafuta mtu mwingine wa kumpa ufunguo.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya kazi. Nimepata makopo mawili ya rangi ya mafuta, bluu, kwa fundi wa mashua kule Malindi. Ukuta wote wa ua nimeupaka, pamoja na vidaka, vile vishubaka vya ukutani, hata kile ambacho marehemu babu alikuwa akiwekea msahafu wake. Ilikuwa chokaa tupu, nyeupe, miaka na miaka. Sasa inang'aa.

Mzee Usi alichungulia. Akasema ukuta wa mawe na chokaa unataka kupumua, rangi ya mafuta itauziba. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ukuta hauna pua. Akasema haya, akarudi kwenye kahawa yake.

Kidimbwi: beseni kubwa la Shangazi la kufulia. Nimelifunika ukingo kwa majani ya mnazi na kutia asumini juu ya maji. Ukisimama mbali huwezi kujua. Ukikaribia unaona maandishi ya kiwanda.

Kibao nimempa Ubwa, mwandishi wa vibao. Nimemwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili asikosee: RIADHI YA MABERBERI. Nimeongeza "i" nyuma ili Waswahili waweze kutamka. Hayo ndiyo mambo ambayo Ayoub hawezi kuyafikiria.

Jumatano, 6 Novemba

Nilitoka sokoni nikakuta kibao kishapigiliwa juu ya mlango, mbali, usawa wa dirisha la juu. RIADHA YA MABEBERU.

Ubwa alikuwa chini, kaweka mikono kiunoni, anakiangalia kwa mapenzi. Alisema kaona nimekosea pahala pawili, akanisahihishia, na hakuongeza malipo. Yeye Kiswahili alikisoma vizuri shule, haruhusu kosa litoke mkononi mwake. Nikamwambia riadha ni michezo. Akasema ndiyo. Nikamwambia beberu ni dume la mbuzi, au mkoloni. Akasema ndiyo, yote mawili, neno zuri. Akachukua ngazi yake, akaondoka, ana kazi nyingine Mwanakwerekwe. Mimi ngazi sina.

Baada ya alasiri Mzee Usi alivaa miwani, akakisoma mara mbili. Alisema aliambiwa tangu ujana wake kwamba mabeberu wameshaondoka, hakujua kumbe wamebaki Sokomuhogo. Barazani walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Magharibi sheha wa mtaa akapiga simu, anauliza mabeberu gani, na wamejiandikisha wapi. Nikasema ni utamaduni. Akasema atakuja kuuona.

Nimeamua kutojali. Mgeni hasomi Kiswahili.

Alhamisi, 7 Novemba

Mlango umegongwa baada tu ya sala ya alfajiri. Nikafungua nimevaa shuka. Nje wanawake zaidi ya ishirini, wamevaa traki suti na mitandio, wana chupa za maji. Mbele yao Bi Tahiya, mwenye firimbi.

Bi Tahiya aliwahi kunifundisha chuoni, juzuu ya amma, kwa bakora. Nikamwamkia, shikamoo. Akasema marahaba, na kwamba kikundi chao cha mazoezi kiwanja chao kimejaa maji ya mvua, wameona kibao, wakamshukuru Mungu. Wamedhani Mabeberu ni jina la timu. Wakasema jina kali.

Kabla sijajibu walikuwa ndani. Wakajipanga uani. Firimbi. Moja, mbili, tatu, nne. Nyumba nzima ilitikisika na chungu kikaanguka jikoni. Mmoja alipochoka akatia miguu kwenye kidimbwi changu, akasema afadhali.

Nilijaribu kuwatoa kwa akili. Nikamnong'oneza Bi Tahiya kwamba ua huu una jini. Akasema, "Na yeye ajipange, mazoezi hayambagui mtu." Kesho watarudi.

Mchana nilimpigia Ayoub kwa sauti ya asali, nikamwomba amlete mgeni wake kwa chai. Alifurahi. Alisema kumbe Mabrouk umebadilika. Maskini. Mtu mwenye roho nyepesi namna hii utampaje ufunguo?

Ijumaa, 8 Novemba

Nilijitayarisha. Vazi: wanaume wa Kiberberi kwenye video wana joho zito lenye kofia. Nikachukua blanketi la Shangazi la rangi ya kahawia, nikalishona pembe moja kuwa kofia. Ni zito kwelikweli. Chai: inatakiwa nanaa, sokoni haikuwepo, nikatia mchaichai. Inatakiwa imiminwe kutoka juu. Nikapanda ngazi tatu za kwenda chumba cha juu.

Walifika baada ya sala ya Ijumaa. Bi Fadma ni mama mfupi, mwenye viatu vya kutembelea na macho yasiyopitwa. Alikuwa akifundisha jiografia huko Agadir. Kabla hajaingia akamuuliza Ayoub kibao kinasema nini. Ayoub, mkweli kama alivyo, akamtafsiria. Bi Fadma alicheka mpaka akakaa barazani, na Mzee Usi akampa kahawa.

Nilimkaribisha kwa Kiarabu. "Ahlan," nikasema, nikaishiwa. Yaliyobaki Ayoub akafasiri. Jasho lilikuwa likinitiririka mpaka kwenye birika. Chai nikaimimina kutoka ngazi ya tatu, ikaingia yote kwenye kidimbwi.

Aliuzunguka ua polepole. Akaangalia ukuta, akaliangalia beseni, akaniangalia mimi. Alisema kaja mbali sana ili aone Unguja, na mimi nimempa Moroko iliyopikwa haraka. Alisema ua katikati, vidaka, baraza nje, yote yalikuwepo kabla sijashika brashi. Eti ningeiacha vilevile.

Iliniuma. Nimekesha kwa ajili yake.

Halafu akaanza hadithi za kwao. Alisema Agadir mbuzi hupanda juu ya miti, madume kwa majike, wanasimama kwenye matawi wakila matunda. Alisema bila kucheka. Hapo nikajua kuwa na yeye ni mtu wa fani yangu, nikampenda.

Walipokuwa wakiondoka akauliza kama ni kweli kuna wanawake wanaofanya mazoezi humu. Ayoub akasema kasikia hivyo. Bi Fadma akasema basi angependa kulala hapa mpaka Jumatatu, ili alfajiri aungane nao. Hoteli zote zina vidimbwi, hakuna yenye wanawake wa mji wanaopiga kelele.

Mgeni nimempata! Mpango umefanya kazi, ingawa kwa njia nyingine.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ya vuli usiku kucha. Alfajiri Bi Fadma alikuwa mstari wa mbele, anahesabu kwa Kiswahili. Mabeberu hoyee, wanasema, naye anaitikia. Bi Tahiya kampa firimbi aishike.

Walipoondoka nikauona ukuta. Umevimba. Malengelenge makubwa ya bluu, mengine ukubwa wa sahani, na ukiyagusa yanatoa maji. Karibu na kidaka cha babu umetokea ufa. Nikautia kidole, kipande cha chokaa kikanifuata.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Kwa muda niliogopa kweli. Utotoni babu alikuwa akininyanyua niuguse msahafu pale, maana mkono wangu ulikuwa haufiki.

Kisha akili ikarudi. Nimetoa mikeka yote ya Shangazi, ile ya rangi anayowatandikia wageni, nikaitundika ukuta mzima kwa misumari. Haionekani hata tone la bluu. Bi Fadma akasema sasa pamependeza. Ayoub alipita jioni, akainua ncha ya mkeka, akaishusha. Aliniuliza tu kama namjua fundi wa chokaa. Nikamwambia ashughulike na watalii wake.

Jumapili, 10 Novemba

Nitaandika kama lilivyotokea.

Alfajiri, wanawake wako katikati ya mazoezi, Bi Fadma kati yao. Mlango ukafunguka. Shangazi Mwanapili, na nyuma yake Ayoub kabeba begi. Kaja siku moja kabla. Alimpigia Ayoub akampokee uwanja wa ndege, mimi hakunipigia.

Shangazi alisimama. Alikuwa keshakisoma kibao. Akawaangalia wanawake wanaoinua mikono, akaliangalia beseni, akaiangalia mikeka. Akaziba mdomo kwa mtandio, nikaona analia. Akasema daktari wa Maskati kamwambia asipofanya mazoezi goti lile litamlaza, na njia nzima kwenye ndege akijiuliza ataanzia wapi, mzee kama yeye, peke yake.

"Kumbe mwanangu umenifikiria," akaniambia. "Mimi nshasema huyu hana faida. Mungu anisamehe."

Akanikumbatia. Bi Tahiya akampa kiti. Bi Fadma akamwamkia kwa Kiarabu, wakaelewana papo hapo. Shangazi akaniambia mbele ya wote kwamba ufunguo ubaki kwangu, neno limekwisha. Ayoub akanipa mkono. Alinipongeza, na nadhani alikuwa hatanii.

Hapo ningenyamaza.

Lakini jambo moja lilinikereketa. Sifa zote zinakwenda kwa goti na kosa la Ubwa. Mpango wangu, akili yangu yote, hakuna hata mmoja aliyeitaja! Nikamwambia Shangazi kwamba hajaona bado. Nikamweleza yote: riadh, Waberberi, video, bluu. Ayoub alikuwa nyuma yake akinitikisia kichwa, taratibu, pande zote mbili. Nikajua ni kijicho.

"Angalia, Shangazi," nikasema, nikauvuta mkeka.

Mkeka ulikuja. Ukuta nao ukaja. Pande zima la chokaa kuanzia juu mpaka kwenye kidaka cha babu, na kidaka chenyewe nusu yake, vikateremka vikajaa kwenye beseni. Vumbi likapanda. Firimbi ikaanguka. Yaliyobaki ni mawe matupu.

Shangazi hakunifokea. Ningependa anifokee. Aliliendea lile rundo, akainama kwa lile goti lake, akaokota kipande cha ukingo wa kidaka chenye nakshi, akakipangusa kwa kanga. Kisha akanyoosha mkono, bila kunitazama. Nikajua anataka nini. Nikautoa ufunguo mfukoni.

Jumanne, 12 Novemba

Mpendae. Naandika juu ya cherehani, maana meza hakuna. Kaka Talib kanipokea vizuri, mkewe kidogo.

Habari za Sokomuhogo nimezipata kwa Mzee Usi kwa simu. Ayoub kaleta fundi, wanakwangua bluu, watapiga chokaa upya. Shangazi anafanya mazoezi kila alfajiri akiwa amekaa kitini. Bi Fadma kaondoka jana, kaahidi kurudi na wenzake kumi, wote wanataka kuwa Mabeberu. Kibao Shangazi kakataa kiteremshwe. Kila mtu ana furaha, na wazo lilikuwa la nani?

Nimelala nikilipima jambo hili kwa utulivu, ingawa miguu ya mtoto ilikuwa shingoni kwangu. Nimeona kosa langu lilipo. Ilikuwa bluu. Ningepaka kijani.

Sasa, mjini watalii wanamiminika kuona hamamu ya kale, lile bafu la umma lililojengwa kwa mtindo wa Kiajemi. Hamamu ile haina maji tena. Hapa kwa kaka Talib bafu lipo uani, lina maji, na kopo. Linataka rangi kidogo na mapazia. Kaka Talib bado hajui. Leo alfajiri nilipiga foleni nyuma ya wanawe wanne, nikaona wazi jinsi litakavyokuwa.

Mchana nimempelekea Ubwa karatasi: HAMAMU YA WAAJEMI. Ameisoma kwa makini. Amesema neno hilo la mwisho kidogo linamtia wasiwasi, lakini nisiwe na shaka, akiona kosa atanisahihishia. Nimemwambia namwamini.