Mshipi Aenda Kumjulia Hali Mkufu

Jumatatu, 6 Mei

Mjukuu wangu kaenda mafunzo ya kazi. Kaniachia chatu wake wawili, Mkufu na Mshipi, kila mmoja na sanduku lake la kioo. Kasema akirudi asipowakuta wazima, anahama nao kwa wifi yangu. Kwa wifi! Mtu hachemshi maji bila kutangaza mtaa mzima. Na mimi nibaki hapa naongea na kuta? Thubutu.

Mkufu kajilaza ndani ya bakuli la maji tangu asubuhi. Sijui kanunia nini.

Jumanne, 7 Mei

Maji ya Mkufu yana vidoa vyeusi. Nikadhani pilipili manga. Nikayamwaga. Vikarudi. Nikavaa miwani: vinatembea. Pilipili gani yenye miguu?

Nimemwita daktari wa mifugo. Kijana, ndevu tatu. Kasema ni utitiri, unamnyonya damu, ndiyo maana mnyama kajitosa majini. Nitupe maranda anayolalia, nitandike karatasi nyeupe, nimwogeshe maji vuguvugu, dawa nipulize sandukuni yeye akiwa nje. Na akae chumba cha peke yake, asikutane na Mshipi kabisa.

Hapo ndipo tulipoachana njia. Mgonjwa atengwe? Kalelewa na nani huyu?

Jumatano, 8 Mei

Yote nimefanya. Ushauri wa maana sikatai. Ila jioni nimembeba Mshipi akamjulie hali mwenzake. Wamelaliana kama watoto wa tumbo moja. Machozi yalinilenga.

Wifi kaja, kachungulia, kaguna. Anafuga kuku. Kuku wana utitiri. Nimeanza kuelewa mambo.

Alhamisi, 9 Mei

Wifi nimempiga marufuku kuvuka kizingiti changu. Kauliza kosa lake. Nikamwambia akawaulize kuku wake.

Vidoa vimepungua. Ziara zinasaidia! Leo Mshipi kalala huko huko kwa mgonjwa. Moyo gani huo. Binadamu wangapi wanao?

Jumamosi, 11 Mei

Mkufu kapona. Karatasi nyeupe pe, hakuna hata kidoa.

Ila Mshipi kaingia bakulini, na maji yake yana pilipili. Sielewi. Wifi hajakanyaga hapa tangu Alhamisi, kuku wake hawajakanyaga hapa. Utitiri umepita wapi? Nimeziba tundu la kitasa kwa tambara. Kichwa kinaniuma.

Jumapili, 12 Mei

Mjukuu karudi. Kamwona Mkufu, kanikumbatia. Kamwona Mshipi, kaniachia.

“Bibi, hawa walikutana?”

“Mwenzake anaumwa, asiende kumwona? Mimi sikulea nyoka watovu wa adabu.”

Kakaa chini, kashika kichwa. Nikangoja aseme anahama. Kumbe keshampigia simu wifi, na wifi kasema nyoka wenye utitiri hawapokei, ana kuku wake. Basi mjukuu anabaki. Eti atakaa hapa hapa, awalinde nyoka dhidi yangu. Dhidi yangu, niliyemponya Mkufu! Aliyeshinda habishani.

Mjukuu kamhamishia Mkufu chumbani kwake, mlango kaupiga kufuli. Ufunguo kauficha juu ya kabati, nyuma ya redio mbovu. Nimeuona.

Maana Mkufu sasa mzima, na Mshipi yuko hoi kitandani. Mshipi alimtembelea mwenzake kila siku bila kuchoka. Mkufu asipokwenda hata mara moja, nitauweka wapi uso wangu? Ziara hurudishwa. Mjukuu akienda kazini kesho, tunakwenda.