Ukungu wa Mpwa Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mpwa wangu kapika plastiki yake ya poliesta leo, asidi za aina mbili chungu kimoja. Ijumaa anaionyesha kwa profesa. Akikataliwa, miaka mitatu ya masomo imekwenda na maji. Kaweka vipande vitatu kwenye tanuri vipoe polepole. Kaniambia nifagie tu, nisiguse. Mimi! Mfagizi wa maabara ya plastiki miaka kumi na tisa!

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia tanuri. Balaa! Jana vilikuwa angavu kama kioo, leo vimefanya ukungu, vyeupe kama maziwa. Vimechacha! Damu nzito kuliko maji: nimepandisha moto vikayeyuka, nikavitumbukiza kwenye maji ya barafu. Vinang'aa kama upara wa profesa. Mjomba ni mjomba.

Jumatano, 6 Machi
Mpwa kalia. Kumbe ukungu ndio aliokuwa akiungoja! Eti minyororo midogo ndani ya plastiki hujipanga kama watu kwenye foleni, ndipo ukungu hutokea, na asidi ya pili ni wakorofi wanaoivuruga, ndiyo maana inataka kupoa taratibu. Ukiipiga barafu, kila mmoja anaganda alipo. Akauliza nani kagusa. Nikatazama ufagio. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema Miwani, fundi wa tanuri, siku hizi haoni vizuri. Mdomo huu!

Alhamisi, 7 Machi
Miwani kafukuzwa maabara. Kapita na sanduku lake la spana, kanipa mkono: "Kaka, nitunzie tanuri." Nikaenda kwa mpwa, nikakiri yote. Akasema, "Mjomba, jana ulishindwa nini kusema?" Heri angenitukana. Kumbe dawa ipo: kuvipasha joto la kiasi, visiyeyuke, foleni ijipange upya. Miwani karudishwa. Kaniita Profesa Ufagio mbele ya watu. Nilistahili.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi. Mpwa kaenda kumpokea profesa. Tanurini mna vipande viwili. Cha tatu kampa Miwani akifungie kwake, eti tahadhari. Sijui anamwogopa nani. Ukungu umerudi, lakini mwembamba, unatia huruma. Kama joto kidogo linafaa, je, jingi? Nimezungusha kitufe hadi mwisho.

Lo! Ukungu wote umetoweka. Vimelala chali kama uji. Nasikia viatu vya profesa ngazini.

Mdomo wangu umeshaanza: hivi Miwani leo hajapita humu?