Moko Zangu na Mionzi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku mbaya. Marwa karudi kutoka machimbo ya upande wa Bulyanhulu na bandeji juu ya nyusi. Moko niliyomuuzia, ile patasi ndefu ya kupasulia mwamba, imekatika nyundo ilipotua mara ya tatu. Kipande kikaruka. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliweka vipande viwili mezani, akasema, "Fundi Mageni, jicho hili lilikuwa linakwenda." Kisha akavuka barabara, akaingia karakana ya Generosa.
Generosa! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika koleo.
Nimekagua vipande. Springi ya lori, nimeipasha mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye maji baridi. Ngumu kuliko ya fundi yeyote hapa Kagongwa. Tupa inateleza juu yake. Kosa si langu. Sijajua tu ni la nani.

Jumanne, 4 Machi
Nimejua! Mwalimu Luka wa fizikia alikuja kuchomelewa kiti. Alipoona vipande vya moko mezani, akaanza kunieleza habari za vinu vya nyuklia huko ng'ambo. Kumbe moyo wa kinu hukaa ndani ya pipa kubwa la chuma, nene kuliko ukuta. Vijipande vinavyoitwa nyutroni hukigonga chuma hicho mwaka baada ya mwaka, vikisukuma chembe zake kutoka mahali pake. Chuma kinazidi kuwa kigumu, lakini kinasahau kupinda. Kikipoa ghafla kinaweza kupasuka. Kwa hiyo wenyewe huweka vipande vya chuma kilekile ndani ya pipa, huvitoa baada ya miaka, na kuvivunja kwa nyundo inayobembea, wajue hali.
Nikamwonyesha mnara wa simu nyuma ya karakana. Akasema mawimbi ya simu hayawezi kusogeza hata chembe moja ya chuma. Nikamshukuru. Nikaandika ubao: MOKO HUKATIKA KWA MIONZI. FUNDI HAHUSIKI.

Jumatano, 5 Machi
Ubao umefanya kazi kupita kiasi. Wauza mchele wa jirani wamehamisha magunia. Mke wangu Martina amegoma kufua ovaroli langu. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Nyamizi, amekuja. Nikamwamkia shikamoo, marahaba akaitikia akiwa ng'ambo ya mtaro. Ameagiza nithibitishe au niuondoe ubao.
Nitathibitisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nilining'iniza nyundo kubwa kwenye boriti, ibembee kama ya watu wa nyuklia. Moko yangu na ya Generosa. Tupo chini ya mnara mmoja, kwa hiyo yake ikikatika, nimeshinda. Watu walijaa.
Ya Generosa ilipinda kidogo. Yangu ilikatika kama muhogo mkavu, kipande kikatoboa tairi ya baiskeli ya Mwalimu Luka.
Generosa akaniuliza taratibu kama baada ya maji huwa nairudishia moko motoni kidogo. Nikasema moto unapunguza ugumu. Akasema ndiyo, lazima upungue kidogo ili chuma kipate kupinda. Mwalimu Luka akaongeza, akitazama tairi yake, kwamba kazi ambayo nyutroni hufanya kwa miaka arobaini, ndoo yangu inaimaliza kwa kufumba na kufumbua.
Walicheka. Ningestahimili. Lakini Marwa hakucheka. "Fundi, nyingine ziko mikononi mwa nani?"
Ziko kumi na moja. Shimoni. Sikula leo.

Jumamosi, 8 Machi
Generosa na Marwa walitaka kwenda kuzikusanya jana asubuhi. Nilikataa. Kisha nikapanda pikipiki nyuma ya Marwa, maana siwezi kumwachia Generosa aguse kazi yangu peke yake. Tulizipata zote. Mbili zilikuwa zimeshakatika. Wenye nazo walikuwa wazima. Vipande vya zile mbili nilivipakata mimi mwenyewe mpaka nyumbani.
Leo Generosa amezipasha tisa polepole mpaka rangi ikageuka zambarau, akaziacha zipoe. Nilishika koleo. Hakunisimanga hata mara moja. Afadhali angenisimanga.

Jumapili, 9 Machi
Marwa ametuma ujumbe: moko zinapiga mwamba tangu asubuhi, hakuna iliyokatika.
Nimewaza sana kanisani. Moko zilikuwa na ugonjwa, zikapita motoni, zikapona. Sasa nani anaweza kusema haikuwa mionzi iliyotoka? Mwalimu Luka mwenyewe amekiri leo kwamba hata pipa la nyuklia likipashwa moto, hurudishiwa sehemu ya ulaini wake. Akataka kuendelea kueleza, nikamwambia inatosha.
Baada ya misa, paroko akalalamika kwamba ile rimu ya lori tunayoigonga kama kengele imeanza kutoa sauti ya kukwaruza. Nimemweleza ni mionzi. Alionekana kushtuka, kwa hiyo nimemwahidi kwamba nitaiponya. Kesho naishusha. Nitaipasha mpaka iwe nyekundu yote. Halafu maji. Baridi sana, na mengi.