Ombi la Kutozinduliwa Tena kwa Wodi ya Wazazi

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Misaada,

Pokea salamu za wodi ya wazazi, unayoifahamu vizuri kwa sababu imezinduliwa mara tisa, na mbili kati ya hizo ni zako.

Mimi ni mkunga hapa, mwaka wa ishirini sasa. Nashukuru kwa dhati kwamba taifa lako halijatuchoka, maana hata ndugu zangu wa damu wameshanichoka. Ila nina malalamiko, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

1. Wodi ni ileile: vitanda sita, na bomba lililokauka tangu uzinduzi wa pili. Kila mradi ukiongezewa miaka mitano, ukuta unapakwa rangi na kibao kinabadilishwa. Rangi imekuwa nene hadi dirisha moja halifungi. Bomba halijaguswa.

2. Siku ya wageni, wajawazito huhamishiwa barazani ili wodi ionekane safi. Mwaka jana mmoja alijifungua katikati ya hotuba yako. Alipopiga kelele, ulitushukuru kwa kukushangilia. Mtoto hajambo, majirani wanamwita Hotuba.

3. Kwa kuwa wodi tupu haipendezi kwenye picha, mpishi wetu hufungwa mto tumboni na kulazwa kitanda cha kwanza. Huu ni mwaka wa nne ana mimba ya miezi minane. Sasa mama mkwe wake ameiona picha hiyo kwenye kalenda yenu, na anadai mjukuu.

4. Mwezi uliopita mzazi mmoja alipata homa kali, tukamkimbiza mjini. Amepona, lakini mimi sijalala vizuri tangu hapo. Ndoo moja ya maji kwa wazazi watatu haitoshi, na naogopa.

Kwa hiyo naomba mtujengee wodi ya pili, ya kuzinduliwa tu. Isiwe na vitanda wala wagonjwa, hata mlango si lazima. Utepe uwe na vifungo, ufunguliwe na kufungwa tena, mkipenda kila Jumatatu. Hii yetu tuachieni na rangi yake, na hela ya rangi itengeneze bomba. Hadi hapo, nasema kwa heshima zote, asije mtu.

Msalimie mkeo, dereva wako mpole, na yule mpiga picha anayetuambia tusicheke.

Wako katika kupokea,
Mkunga wa zamu

Baada ya kusaini: Binti yangu ameanza uchungu asubuhi hii, wiki tatu kabla ya siku zake, na ndoo imeisha. Nimekumbuka kwamba siku ya uzinduzi ndiyo pekee ambayo halmashauri huleta gari la maji, ili wageni wanawe mikono. Sahau yote niliyoandika hapo juu. Njoo leo. Zindua chochote utakachokikuta, hata mimi mwenyewe.