Pipa la Miale Iliyochoka

Jumatatu, 4 Machi
Mpwa wangu, mwalimu wa fizikia, kanikabidhi ulinzi wa pipa lake uani mwa shule. Pipa jeusi, maji tele, limezibwa kwa utepe hata chembe ya mwanga haipenyi. Ndani kuna kifaa kama balbu. Eti miale ya anga za mbali ikipita majini hutoa vimulimuli, kifaa kinahesabu, namba zinatokea kwenye skrini ya nje. Akipata hesabu ya siku saba bila kukatizwa, chuo kikuu kinamchukua akasome zaidi. Fundi Redio, aliyeunga nyaya, naye aliutaka ulinzi. Kakosa! Damu nzito kuliko maji, hata ya pipa.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia mpwa nataka kunasa mwale wenye nguvu kuliko yote. Kasema kuna kikomo. Mwale mkali ukitoka mbali mno hugongana njiani na mwanga hafifu uliotapakaa angani tangu zama za mwanzo. Kila kikumbo, nguvu zinapungua. Unafika hoi. Nikamwambia mimi nilitembea siku tisa na mbuzi wawili mabegani, nikafika nina nguvu zaidi. Akasema, "Mjomba, mwaka jana alikuwa mbuzi mmoja."

Alhamisi, 7 Machi
Miale dhaifu tupu. Fundi Redio kapita, kaniuliza kama nayalinda maji yasishikwe na kiu. Nikawaza. Miale ipigwe vikumbo safari nzima, kisha ikute mfuniko? Mgeni gani hufungiwa mlango! Saa sita mchana nimebandua utepe, nikafunua. Namba zikaruka kama bisi! Nimevunja kikomo cha ulimwengu! Nimemwambia kinyozi na walimu watatu. Baadaye namba zikafa. Heshima, nadhani.

Ijumaa, 8 Machi
Mpwa kaniamkia kwa sauti ndogo. Ile mbaya. Kasema lile lilikuwa jua tu, na kifaa kimeungua. Fundi Redio kaleta kingine. Hesabu inaanza upya kesho. Ikikatika tena, nafasi ya chuo imekwenda. Akafuta macho kwa kiganja. Mimi nikatazama ukuta. Una nyufa, ule ukuta. Ufunguo wa ua kapewa Fundi.

Jumapili, 10 Machi
Kwa kinyozi naambiwa mwale wangu ulimwangusha mwalimu mkuu. Sikubisha. Habari zangu hazichoki njiani! Ila mpwa kasema kweli: umbali ndio unaoichosha miale. Basi dawa ni kulipandisha pipa, liisogelee. Paa la maktaba liko juu mita nne nzima. Fundi husinzia akishiba. Ngazi nimeshaazima.
Ni ya Fundi mwenyewe.