Kompyuta Inayobisha Hodi

Jumatatu, 3 Machi
Daftari langu, niwie radhi. Miezi kumi na moja sijakugusa! Ukurasa wa mwisho ni orodha ya vitu vya kwenda navyo kujifungua. Basi, nilijifungua. Tunamwita Bosi: anaamuru, halali, hana nywele.

Aliyenirudisha kwako ni Wifi. Jana kaja, kachungulia kabati la kaka yake, kacheka. Eti bado tunapiga sidii? Kwake muziki wote umo kwenye kompyuta, anabonyeza mara moja tu, unalia sebuleni, jikoni, hadi bafuni. Nikatabasamu meno yote nje. Rohoni nafuka moshi kama kuni mbichi.

Mpango: Baba Bosi yuko safarini na lori hadi Jumamosi. Sidii zake mia na themanini na sita zimekalia kabati zima, nguo za Bosi zinaishi kwenye beseni. Nitazihamishia zote kwenye ile kompyuta kuukuu aliyopewa kazini. Akirudi atalia kwa furaha. Wifi naye atalia, kwa sababu zake.

Jumanne, 4 Machi
Fundi wa kompyuta, yule wa duka la kona, kanielekeza kwa simu mpaka sauti ikamkauka.

Nimeanza na sidii iliyoandikwa MAMA kwa kalamu ya bluu. Marehemu mama mkwe anaimba huku anaosha vyombo, masufuria yanamwitikia. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Na ndiyo pekee inayomlaza Bosi mchana. Hiyo kwanza, kwa heshima.

Kompyuta haijui majina. Kila sidii ni Wimbo 01, Wimbo 02, basi. Tangu sidii ya pili ikaanza kuuliza: Wimbo 01 upo tayari, badilisha? Swali gani hilo! Kutwa nzima nafanya nini kama si kubadilisha, kutoka sidii kwenda kompyuta? Ndiyo. Wimbo 02, badilisha? Ndiyo, mwanangu. Mashine ina adabu kuliko watu wa nyumba hii. Kila wimbo unabisha hodi kabla ya kuingia.

Jumatano, 5 Machi
Kidole kimevimba kwa kubonyeza ndiyo. Nimemaliza! Ya mwisho ilikuwa mafunzo ya ufugaji wa kuku, masomo ishirini na mawili, hakuna sidii ndefu kama hiyo. Imetoka wapi? Humu hatujawahi kufuga hata inzi. Nikaihamisha vilevile, sina ubaguzi.

Jirani yetu Mama Pazia (kutwa pazia lake linacheza lenyewe) analia kwamba ndege wanamlia mboga, anataka vitu vya kumetameta awatishe. Nikampa gunia zima la sidii. MAMA nayo imo. Ndizi iko tumboni, ganda la nini?

Nguo za Bosi zimehamia kabatini. Nimekaa nikalitazama kabati kama bibi harusi.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu.

Saa nane mchana, Bosi anasinzia begani, nikabonyeza Wimbo 01. Sauti nzito ya mwanamume ikamkaribisha mfugaji. Bosi akafumbua jicho moja. Wimbo 02: banda. Wimbo 03: rangi za kuhara kwa kuku. Macho yote mawili, na kilio juu.

Nikampigia fundi. Akauliza kompyuta ilipokuuliza ulijibu nini. Ndiyo. Mara ngapi? Mara zote.  Kisha akasema dada yangu, kila ndiyo yako iliufuta wimbo wa zamani ikauweka mpya. Sidii zenyewe si unazo?

Nikatazama dirishani. Bustani ya Mama Pazia inawaka kama duka la vioo.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Pazia kagoma. Eti kitu kikishatolewa kimetolewa, na ndege wamehama mtaa. Nikamwambia nataka moja tu, ile ya bluu kwenye mti wa mwisho. Akaniuliza ndege wa mti ule nitawafukuza kwa mdomo?

Tumeelewana: sidii moja kwa mifuniko yangu yote ya sufuria. Mnyang'anyi!

Nimeiosha MAMA kwa sabuni ya mtoto. Ina mikwaruzo, ndege wameiachia salamu. Nikaiweka kwenye redio ya zamani huku nimefumba macho. Kimya. Halafu masufuria. Halafu yeye. Kuna mahali inakwama, lala, la, la, la, kisha inaendelea. Bosi alilala kabla ya ubeti wa pili. Nikalia kidogo, kwa sauti ya chini nisimwamshe.

Jumamosi, 8 Machi
Baba Bosi karudi, na Wifi nyuma yake, eti kaja kusikia mitambo. Nilijipanga! Kompyuta juu ya meza, redio chini ya meza, kitambaa hadi sakafuni. Nikajifanya nabonyeza juu kwa mkono, nikabonyeza chini kwa kidole cha mguu.

Mama mkwe akaimba. Baba Bosi akavua kofia. Wifi akafunika uso, akasema jamani, hata pumzi zake zinasikika.

Ndipo Bosi akajivuta hadi mezani, akakigonga kitufe cha kompyuta. Mama mkwe anaimba na bwana kuku anaeleza kuhara. Kitambaa kikafunuliwa. Baba Bosi akauliza kwa nini sufuria imefunikwa kwa sahani. Jua nalo, mchochezi, likapiga bustanini.

Akaziona sidii zake mitini. Akasema Mama Bosi, umebakiza moja tu, lakini umebakiza yenyewe. Kisha akanikataza kuigusa kompyuta. Nikajibu ndiyo. Nimeshazoea.

Jumapili, 9 Machi
Baba Bosi kaenda kwa Mama Pazia kudai zilizobaki. Nimetafakari kosa langu: uchovu. Nilibonyeza moja moja! Fundi kaniambia ipo ndiyo kwa zote.

Nimemwandikia Wifi, bado nahitaji anitumie: mifuniko mitatu ya sufuria, mkubwa mmoja na ya kati miwili. Waya wa spika, mita nne. Kitambaa cha meza kizito zaidi. Na zile sidii zake tisa za picha za harusi, nimfanyie mpango. Kasema zote zinaanzia Picha 01. Nimemwambia asijali, kwenye kompyuta yangu picha haiingii bila hodi.